Kumchagulia Mwalimu Begi la Mlimani

Alhamisi, mwezi wa saba. Eldoret imeamka na ile baridi yake ya kuuma masikio, manyunyu hayakatiki, na matope ya mtaa wetu wa Huruma yamefika mpaka mlangoni kwangu. Tangu alfajiri sijatulia. Siumwi popote. Ninaogopa tu, na leo nimeamua kuandika ninachokiogopa badala ya kujifanya nina shughuli nyingi.

Keshokutwa kikundi chetu cha akina mama wa kanisani kinapanda Sergoit, kile kilima cha mawe ambacho ukiwa barabarani unaona ni kidogo, ukifika chini yake unaanza kukumbuka dhambi zako. Tulianza kutembea milimani mwaka juzi, baada ya daktari kuniambia presha yangu haitashuka kwa maombi peke yake. Tuko kumi. Mwanzoni tulienda na marinda na raba za mitumba, tukicheka njia nzima kama wasichana wa shule. Tangu Februari hatujaenda popote.

Hakuna anayesema ni kwa nini, lakini wote tunajua. Februari Mwalimu Jerotich alianguka.

Mwalimu Jerotich anafundisha shule ya msingi huko Plateau. Ni mwenyeji wa huku, amezaliwa ukingoni kabisa mwa bonde la Kerio, na kwenye mawe anatembea kama mbuzi. Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilikuja Eldoret kutafuta kazi nikaipata, ukarani katika duka la mbegu na dawa za mifugo, na kabla ya kumjua Mwalimu mlima wangu mkubwa ulikuwa ngazi za ofisini. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga hatua fupi, kupumua kwa pua, na kutazama mahali nitakapokanyaga badala ya mahali nitakapoangukia. Ni rafiki yangu. Nikisema rafiki simaanishi mtu wa kusalimiana naye nje ya kanisa.

Juzi alinipigia simu. "Mama Faith," akasema, "hii bega bado inanisumbua nikibeba kitu. Nitafutie begi ya mlima kwa soko, ile haitaniua. Wewe unajua kuchagua."

Akacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaketi chini.

Kuna jambo ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Mume wangu hajui, mchungaji hajui, na hata nyinyi wachache mnaopita kusoma hapa niliwaandikia mwezi ule kwamba ilikuwa ajali tu. Sikuwaambia yote.

Siku ile ya Februari tulishuka bondeni. Ulikuwa msimu wa maembe, na kila mtu wa huku juu anajua kwamba huwezi kushuka Kerio wakati wa maembe ukarudi mikono mitupu. Watu wa nyumbani watakuuliza kama kweli ulifika. Kwa hiyo sisi hushuka na mabegi matupu, tukiruka ruka, halafu tunapanda ule mteremko wote tukiwa tumebeba mizigo. Mtu mwenye akili zake angefanya kinyume. Lakini sijawahi kusikia hata mmoja wetu akiuliza kwa nini.

Nilikuwa nimebeba begi la shule la binti yangu, Faith, aliloliacha nyumbani aliporudi bwenini. Wiki hiyo kamba yake moja ilikuwa imeng'oka kule juu inaposhikana na begi. Nililipeleka kwa fundi wa viatu nikakuta foleni, na mimi ni mtu wa haraka. Nikarudi nalo nyumbani nikaishona mwenyewe kwa sindano ya mkono na uzi wa kawaida, ule mweusi wa kushonea vifungo vya mashati. Fundi anatumia uzi mnene wa nailoni, najua, nimemwona miaka yote. Nikaivuta kamba mara mbili, ikashika, nikajiambia uzi ni uzi.

Kule bondeni nilipakia maembe mpaka zipu ikalalamika, na juu yake chupa ya asali. Tulipofika katikati ya mteremko kifua changu kilianza kupiga mluzi. Mwalimu akasimama, akanitazama vile anavyotazama mtoto aliyeshindwa na hesabu, akasema nimpe begi langu nichukue lake. Lake lilikuwa na thamosi ya chai tu na sweta.

Alipokuwa akiingiza mikono kwenye zile kamba, nilikumbuka ule uzi. Sitaki mtu anitetee hapa kwamba labda nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka, nikafungua mdomo, na nikaufunga. Niliona aibu kwamba akina mama wangecheka ushonaji wangu. Pia nilijua kwamba nikisema, begi lingerudi kwangu. Mgongo wangu ulikuwa umekuwa mwepesi ghafla, na wepesi ule ulikuwa mtamu.

Nikavaa begi lake.

Kuna mahali njia inapita juu ya mwamba na lazima utumie mikono. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilisikia kamba kabla sijaona chochote, sauti ndogo kama ya kitambaa kinachochanwa dukani. Begi likaning'inia upande mmoja na uzito wake wote, likamvuta, naye akaenda nalo. Aliangukia kijisehemu tambarare kilichokuwa chini yetu, kimo cha mlango wa nyumba hivi. Kile kijisehemu hakikuwa kikubwa kuliko meza. Maembe yaliendelea kushuka na tuliyasikia yakigonga mawe kwa muda mrefu sana. Ndiyo sauti ninayoisikia nikifumba macho, na nikiisikia huwa najua ni nini kingekuwa kinagonga mawe kama angeanguka hatua moja pembeni.

Mfupa wa bega la kushoto ulivunjika. Tulimpandisha tumembeba kwenye leso, zile kanga zetu, tukipokezana. Watu walipouliza ilikuwaje, nilisema, "Sijui, begi lilikuwa la zamani." Akina mama wakasema ni shetani. Mwezi uliofuata Mwalimu alisimama kanisani na mkono wake ukiwa umefungwa shingoni, akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi kwa jina kwa sababu nilimshikia kichwa njia nzima. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi.

Begi nililichoma kwenye jiko. Faith alipofunga shule akaliulizia, nikamwambia limeibwa.

Sasa mnaelewa kwa nini simu ya juzi ilinikalisha chini. Yeye, kati ya watu wote wa kaunti hii ya Uasin Gishu, amenituma mimi nimchagulie begi.

Leo asubuhi nilikuwa sokoni kabla wauzaji hawajamaliza kunywa chai. Alhamisi ndiyo siku muuzaji wangu wa mabegi anafungua balo jipya la mitumba, na ukichelewa unakuta wenzako wameondoka na ya maana, umeachiwa ya kubebea vitunguu. Alikata zile kamba za plastiki, mabegi yakamwagika kwenye turubai, na wanawake wakavamia ya ngozi na ya mitindo. Mimi nilipiga magoti upande wa mabegi ya mgongoni.

Nilijua ninachotaka, maana tangu juzi nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Begi la mlimani linatakiwa liwe na mkanda mpana wa kiuno, ili uzito ukae kwenye nyonga na si mabegani. Kwa mtu aliyevunjika bega hilo ndilo la kwanza. Liwe na mkanda wa kifua wa kuzuia kamba zisiteleze. Lishike mgongo, lisiyumbe, kwa sababu kwenye mwamba mzigo unaoyumba ndio unaomwangusha mtu. Hilo la mwisho sikuhitaji kulisoma popote. Na nilitaka liwe dogo. Nilitaka begi ambalo hata mtu akipenda vipi haliwezi kumeza maembe ya nyumba nzima.

La kwanza lilikuwa la buluu, zuri, jipya kabisa kwa kuangalia. Nilifunga mkanda wake wa kiuno nikauvuta, na ule mkanda ukatoka wenyewe kwenye kibano bila hata kubishana. Ulikuwa pambo tu. Nikawaza Mwalimu akiwa na pambo lile kiunoni kule Sergoit, jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikalitupa. Nikavuta kamba za la pili, la tatu, la nne, nikiweka goti juu ya begi na kuvuta kwa mikono miwili.

Muuzaji akaniangalia akashindwa kuvumilia. "Customer, hii begi unanunua ama unavunja?"

Nikamwambia lile litakaloshindwa kuvunjika ndilo nitakalonunua. Akatikisa kichwa akaenda kuhudumia watu wenye akili.

Nililipata kwenye rundo la chini. Lina rangi ya majani makavu, limepaukia juani, na ndani mtu ameandika jina lake kwa kalamu kwa maandishi nisiyoweza kuyasoma. Mkanda wa kiuno ni mpana kama kiganja changu. Zipu zinakwenda vizuri. Nililivaa nikafunga mikanda yote, nikaruka ruka pale kwenye matope watu wakinitazama, na begi halikucheza. Nikaanza kufurahi. Kisha nikaligeuza ili nikague kamba zake.

Kamba ya kushoto ilikuwa imeshonwa upya, kwa mkono.

Nililiachia kama limeniunguza. Mahali ni palepale, kule juu inaposhikana na begi. Mtu fulani, katika nchi fulani, alikaa na sindano akaishona kamba hii, na mimi siwezi kujua alitumia uzi gani, alikuwa na haraka kiasi gani, na kama naye alijiambia uzi ni uzi. Nililirudisha kwenye rundo. Nikatafuta lingine dakika nyingi, nikakosa. Yote yaliyobaki yalikuwa ya shule au ya pambo. Mwishowe nikarudi nikalichukua, nikiwa na hasira nalo kana kwamba limenikosea.

Kazini nilitia ndani yake mawe mawili ya chumvi ya ng'ombe, yale ya kulamba, nikalitundika kwa kamba ile ya kushoto kwenye ndoano tunayopimia magunia. Nikaliacha lining'inie mpaka chakula cha mchana. Kila nikimaliza kumhudumia mkulima nilikwenda kuliangalia. Bosi wangu alipita akauliza, "Madam, hiyo begi imefanya nini?" Nikasema iko kwenye majaribio. Mchana nikalivaa na mawe yake nikapanda na kushuka ngazi za jengo mara kumi, na mapigo ya moyo wangu nayasikia masikioni. Ile kamba haikusogea hata kidogo. Na bado sikuiamini.

Kwa hiyo nikalipeleka kwa fundi wa viatu, yuleyule ambaye Februari sikutaka kumsubiri. Ni mzee anayefanya kazi chini ya mwavuli mkubwa uliotoboka, na leo hakukuwa na foleni hata ya mtu mmoja. Akavaa miwani yake, akaigeuza kamba, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hii ilishonwa na mtu anajua kazi," akasema. "Uzi ni nailoni. Amepitisha mara tatu. Hii haitoki, mama."

Nikamwambia ashone tena juu yake.

"Nikitoboa tena nitaharibu. Mashimo ikiwa mingi ndio kitambaa inakatika."

"Mzee, tafadhali shona tu."

Akavua miwani akanitazama. "Ni nani alianguka?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza kwa maneno yale. Nilikaa kwenye kile kigoda anachowawekea wateja, nikamsimulia yote, ule uzi mweusi, foleni yake, mdomo wangu ulivyofunguka na kufungika. Wakati wote alikuwa anapiga kiatu cha mtu rangi, hakusimamisha brashi hata mara moja. Nilipomaliza nilikuwa nalia, nikangoja aseme Mungu ni mwenye huruma, au aseme pole, neno lolote la kunituma nyumbani nikiwa mwepesi.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akauliza. "Mimi sikuanguka."

Akanirudishia begi bila kuligusa kwa sindano.

Saa kumi na moja nilikuwa Plateau. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari sebuleni, akafurahi kuniona, akaniwekea chai kabla sijaketi. Begi lilimpendeza. Alisema sura yake ni mbaya lakini mwili wake ni mzuri, kama mume wake marehemu, akacheka mpaka akashika bega. Akalivaa. Mimi nikapiga magoti mbele yake kumfungia mkanda wa kiuno na kumwonyesha namna ya kuukaza. Nilikuwa nimepanga kuanza polepole, nimsalimie kwanza, nimwombe tuketi. Lakini nilipokuwa pale chini, uso wangu ukiwa karibu na kile kibano, nikasema tu.

Nilimwambia kwamba ile kamba niliishona mimi, kwa uzi wa nguo. Na kwamba nilikumbuka.

Akauliza, "Ulikumbuka saa gani?"

"Wakati unaivaa, Mwalimu."

"Wakati naivaa."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa nyuma yangu."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alisimama na begi mgongoni katikati ya sebule yake, na chai yangu ikaganda utando. Kisha akaanza kulivua. Mkono wake wa kushoto bado haupandi vizuri, kamba ikakwama kwenye kiwiko. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Wacha."

Ilimchukua muda mrefu. Nilikaa pale chini nikimtazama mtu aliyenifundisha kutembea akihangaika na kamba, uso umekunjamana kwa maumivu, na sikuruhusiwa kumgusa. Hatimaye likatoka. Akaliweka mezani juu ya madaftari, akaitafuta ile kamba ya kushoto, akayaona mashono. Akaivuta kwa mkono wake mzima. Akaivuta tena. Akaivuta tena.

"Hii umeangalia?"

Nikamwambia nimeangalia. Nikamweleza mawe ya chumvi, ndoano, ngazi, fundi na uzi wa nailoni uliopita mara tatu. Nilisema haraka haraka, nikarudia mambo mawili au matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na nitajuaje?" akauliza.

Ni kweli, atajuaje? Mtu wa kumwambia kwamba begi ni zima ni mimi, na neno langu nililolificha ndilo lililomvunja mfupa. Siku zote nilidhani ninachoogopa ni kwamba atanikasirikia, kwamba kanisa litajua, kwamba kikundi kitavunjika. Leo nimeona kitu kingine. Mwanamke ambaye hakuwahi kuogopa mwamba aliitazama kamba mezani kwake akaogopa, na aliyemtia woga huo ni mimi.

Nikainuka kwenda zangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. Hakuniita Mama Faith. Aliniita Naliaka, jina langu, ambalo huwa halitumii.

"Jumamosi njoo. Hiyo begi utabeba wewe, ikiwa imejaa, mpaka juu. Utatangulia, mimi nikuwe nyuma nikiangalia hiyo kamba. Ikifika juu, mimi nitaibeba kushuka."

Akarudi kwenye madaftari yake. Nilichukua begi nikatoka, na hatukuagana.

Sasa niko kitandani na blanketi mabegani, saa mbili haijafika, na mvua imeongeza kasi kwenye mabati. Naogopa mawe yaliyolowa. Naogopa mashono ya mtu nisiyemjua, ingawa nimeyajaribu kwa kila kitu nilicho nacho. Kuliko vyote naogopa macho ya Mwalimu mgongoni mwangu kutoka chini mpaka kileleni, na ukimya wake. Nimejiuliza kama naweza kuugua kesho, ugonjwa mdogo tu wa siku mbili, na nimeona aibu kwamba hata sasa akili yangu inakimbilia huko.

Katika safari zetu zote sijawahi kutangulia. Jumamosi nitatangulia.